KALYMNOS: NYUMBA ZA MABINTI ZILIZOGEUKA HOTELI

Kisiwa cha Kalymnos kimo katika Bahari ya Aegean, upande wa kusini-mashariki ya Ugiriki, karibu sana na pwani ya Uturuki. Eneo lake ni kiasi cha kilomita 110 za mraba, yaani hakifikii hata nusu ya kisiwa cha Bugala katika visiwa vya Ssese nchini Uganda. Wala hakina mito wala msitu wa kutajwa. Ni mlima wa mawe ya chokaa, ya kijivu na mekundu, uliochomoza majini kama mgongo wa kiboko, na juu ya mawe hayo wanaishi watu wapatao 16,000. Msafiri anayekitazama kwa mara ya kwanza kutoka juu ya meli hujiuliza swali moja tu: Watu hawa wanakula nini?

Jibu la swali hilo ndilo linalozifanya hoteli ndogo za kisiwa hiki zistahili kuelezwa. Kwa muda mrefu watu wa Kalymnos waliishi kwa kuzamia sifongo, ile spanji ya asili ya kuogea, inayoota chini ya bahari. Leo wengi wao huishi kwa kuwalaza wageni. Kati ya kazi ya zamani na kazi ya sasa ipo nyumba. Na nyumba ya Kalymnos, tofauti na inavyodhaniwa na wageni wengi, aghalabu ni mali ya mwanamke.

KUWASILI USIKU WA MANANE

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza ni ya hewani. Kisiwa kilipata uwanja wake mdogo wa ndege mwaka 2006, na ndege ndogo hutoka Athens, mji mkuu; ama msafiri hushukia kisiwa jirani cha Kos, chenye uwanja mkubwa, kisha hupanda boti katika kijiji cha Mastichari na kuvuka kwa muda usiofika saa moja. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya wenyeji na ya wenye mfuko mwembamba, ni meli ya abiria na magari itokayo Piraeus, bandari ya Athens. Meli hiyo husafiri usiku, na kwa kuwa ina visiwa vingine vya kupitia, mara nyingi hufika Kalymnos saa ambazo hata majogoo hayajawika. Mlango wake mkubwa wa nyuma huanza kushushwa kabla chombo hakijatulia vizuri; malori hutangulia kutoka, na nyuma yake akina mama wenye maboksi yaliyofungwa kamba, watalii wenye macho ya usingizi, na vijana wa jeshi na mabegi yao mabegani. Ugiriki ina utumishi wa jeshi wa lazima kwa wanaume, na kwa sababu visiwa hivi viko mpakani, ni nadra meli kukosa askari anayekwenda au kurudi likizo.

Hapo gatini ndipo tofauti ya hoteli kubwa na ndogo inapoonekana kwanza. Hoteli kubwa humtuma dereva. Hoteli ya familia humleta mwenye nyumba mwenyewe, au mwanawe aliyeamshwa kitandani, akiwa amesimama chini ya taa na gari dogo ambalo asubuhi litabeba mboga. Hamjui mgeni kwa sura. Humjua kwa namna anavyotazama huku na huku kama mtu aliyepotea.

Katika Kigiriki mgeni huitwa xenos, na neno hilo, kama lilivyo la Kiswahili, hubeba maana mbili kwa pamoja: mtu asiyejulikana, na mtu anayekaribishwa. Ukarimu wenyewe huitwa filoxenia, yaani kumpenda mgeni. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wagiriki wa hoteli ndogo hawampi jembe. Humpa hati ya malipo siku ya mwisho, tena pamoja na mfuko wa machenza au chupa ya asali ambayo haikuandikwa katika hati hiyo. Lakini kabla ya mapenzi hayo yote pasi ya mgeni hutazamwa na jina lake kuandikwa, kwa maana mwenye hoteli hapana budi ajue ni nani aliyelala kwake. Msomaji aliye polisi hatahitaji kuelezwa sababu.

JINA NA UFUNGUO

Katika nchi nyingi kijana anayeoa ndiye hutakiwa kujenga, kisha humleta mke. Kalymnos mambo ni kinyume. Nyumba hutoka kwa mama kwenda kwa binti, hasa binti wa kwanza, na bwana arusi ndiye anayebeba sanduku lake na kuhamia kwa mkewe. Zaidi ya hayo, binti wa kwanza kwa desturi hupewa jina la mama wa mama yake. Hivyo jina na nyumba hutembea pamoja, bibi akimpokeza mjukuu. Wazazi waliojaliwa mabinti watatu walijiona wana deni la nyumba tatu. Mwaka 1983 sheria ya Ugiriki iliifuta ile mali ambayo mwanamke alitakiwa kuingia nayo katika ndoa. Sheria ilifuta sharti, haikufuta moyo wa mzazi. Binti wa Kalymnos angali akijengewa.

Fedha za kujengea nyumba hizo zilitoka chini ya bahari. Mzamiaji wa kale alishuka bila nguo, mikononi ameshika jiwe bapa la uzito wa kilo 12 hadi 15 hivi, na pumzi yake ilikuwa moja tu. Jiwe lilimvuta chini kwa haraka, akakata sifongo alizoweza, na wenzake wakamvuta juu kwa kamba. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, lakini pumzi yenyewe ilimwekea mtu mpaka. Katika miaka ya 1860 likaingia vazi jipya la kuzamia, lenye kofia ya shaba na mpira wa kupitishia hewa iliyosukumwa kwa pampu kutoka mashuani. Sasa mtu aliweza kwenda chini zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Fedha ikaongezeka, na misiba ikaongezeka pamoja nayo.

Sababu haikujulikana wakati ule, ila leo inafahamika vizuri. Mtu anapovuta hewa akiwa chini ya uzito wa maji mengi, naitrojeni iliyomo katika hewa hiyo huyeyuka na kuingia katika damu yake. Akipanda polepole hutoka kidogo kidogo kwa njia ya mapafu. Akipanda upesi hufoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huziba mishipa na kuharibu uti wa mgongo. Wengi walikufa. Wengi wengine walirudi nyumbani miguu ikiwa imepooza wakiwa bado vijana. Kisiwa kina ngoma moja iitwayo mihanikos, ambamo anayeongoza safu hucheza akitetemeka na kuegemea fimbo, miguu ikimkataa, kwa mfano wa mzamiaji aliyelemaa. Mtalii asiyejua habari hucheka na kupiga makofi. Wazee walioketi pembeni hawacheki.

Mashua ziliondoka baada ya Pasaka na kurudi majira ya vuli, zikifika mpaka pwani za Libya na Misri. Kabla ya kuondoka mzamiaji alipokea malipo ya mbele, yaliyoitwa platika. Kwa fedha hizo alilipa madeni ya dukani, akaacha ya chakula, na kilichosalia akakitia katika kuta za nyumba ya binti. Kwa maneno mengine, nyumba ilijengwa kwa ujira wa kazi ambayo haijafanyika bado, na mwanamke aliyebaki ndani yake alikaa miezi mingi bila kujua kama mwenye kuifanya kazi hiyo angerudi kwa miguu yake mwenyewe. Wake wa askari, waliozoea kuhesabu miezi ya bwana aliyepelekwa mpakani, wataielewa hali hiyo bila maelezo marefu. Maadamu wanaume hawakuwapo, mwanamke ndiye aliyeshika ufunguo, hesabu ya madeni, na heshima ya mlango.

Wala asidhaniwe kwamba alivishika vitu hivyo kwa upole peke yake. Italia iliviteka visiwa hivi kutoka kwa Waturuki mwaka 1912. Mwezi Aprili 1935, watawala hao walipotaka kuingilia mambo ya kanisa, wanawake wa Kalymnos walishuka mitaani na kuwatupia askari mawe, bidhaa ambayo kisiwa hakijapata kuipungukiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, visiwa viliunganishwa rasmi na Ugiriki tarehe 7 Machi 1948.

Biashara ya sifongo haikushindwa na hatari zake, bali na kiwanda. Spanji zilizotengenezwa kwa kemikali zilikuwa rahisi mno, na mwaka 1986 ukazuka ugonjwa ulioziua sifongo katika Mediterania. Kufikia wakati huo watu wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Wako waliokwenda Tarpon Springs katika jimbo la Florida, Marekani, ambako Wagiriki walianza kuzamia sifongo mwanzoni mwa karne ya 20, na wako waliofika Australia. Waliobaki walibaki na kitu kimoja cha thamani, nacho ni nyumba. Ghorofa iliyojengwa kwa ajili ya binti ambaye umri wake wa kuolewa haujafika ilikuwa tupu. Ikatiwa vitanda, ikapigwa chokaa, ikakodishwa kwa wageni. Hoteli ndogo si chache kisiwani zilizozaliwa kwa njia hiyo, na ndiyo maana ngazi zake hupinda mahali pasipotarajiwa, na chumba nambari 4 huweza kuwa mbali na chumba nambari 5: nyumba ilikua kwa kufuata uzazi, haikufuata ramani.

CHUMBA CHENYEWE

Nyingi ziko upande wa magharibi, katika vijiji vya Myrties na Massouri, kiasi cha kilomita 8 kutoka Pothia, ambao ndio mji mkuu na bandari. Mbele yake, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, kimesimama kisiwa kidogo cha Telendos, ambacho inasemekana kilikatwa kutoka Kalymnos na tetemeko la ardhi katika karne ya 6. Boti huvuka kwa dakika 10 tu, na huko Telendos hakuna magari kabisa.

Jengo lina ghorofa mbili au tatu, jeupe, na mbao za madirisha zimepakwa rangi ya buluu. Familia hukaa chini, wageni juu. Chumba kina vitanda viwili vya mbao ambavyo husogezwa pamoja kwa wenye ndoa na kutenganishwa kwa wasio nayo. Sakafu ya vigae, kabati, meza moja, na roshani ndogo yenye viti viwili na kamba ya kuanikia taulo. Ukutani pengine ipo picha ya mtakatifu, pengine picha ya mashua. Hakuna zulia, hakuna simu ya kuagizia chakula, na taulo si nene. Ila shuka ina harufu ya jua, kwa kuwa imeanikwa darini na mama mwenye nyumba, na chumba kimefagiliwa kwa namna ambayo mke yeyote aliyewahi kungoja ukaguzi wa nyumba za kambini angeikubali.

Yapo masharti machache, na mgeni mwenye adabu huyashika siku ya kwanza. Karatasi ya chooni haitupwi chooni. Hutiwa katika ndoo yenye kifuniko iliyowekwa kando, maana mabomba ya maji machafu ni membamba na huziba. Wengi husahau, na mwenye hoteli ndiye anayepiga magoti asubuhi kuzibua. Maji ya bomba hutumika kwa kuoga na kufulia. Ya kunywa hununuliwa. Mvua hunyesha majira ya baridi tu, na kiangazi kizima hupita bila tone. Kwa hiyo mgeni anayeoga kwa nusu saa hufanya jambo ambalo nyumbani kwake huenda lisiwe na uzito, lakini hapa humpunguzia jirani. Maji ya moto hutoka bure, kwa kuwa juu ya kila dari kuna mtambo wa kioo na pipa unaopashwa na jua. Ugiriki ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizotangulia kuieneza mitambo hiyo majumbani, na ni jambo la kustaajabisha kwamba nchi nyingi zenye jua kali zaidi zimechelewa kuiga.

Kisha kuna saa za utulivu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, toka saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, nchi nzima inatakiwa kukaa kimya, na polisi huweza kuitwa dhidi ya mtu anayepiga muziki au nyundo. Mama mwenye nyumba ameamka alfajiri, amepika, amefua, amepokea na kuaga. Hizo ndizo saa zake pekee za kulala. Mgeni anayegonga mlango kuuliza njia ya kwenda pwani atajibiwa kwa adabu, lakini hatasahauliwa.

MEZANI

Chakula cha asubuhi huliwa chini ya dari ya majani ya mzabibu, kama mzabibu upo. Huletwa mikate mikavu ya shayiri, iliyookwa mara mbili ili idumu. Ni chakula cha mabaharia, na asiyejua huvunja jino. Hulowekwa kwanza kidogo. Huletwa mayai ya kuchemsha, jibini nyeupe, zeituni, jemu ya machenza yatokayo bonde la Vathy, ambalo ni pahali pa kijani hasa katika kisiwa chote, na asali. Asali ya Kalymnos ina sifa mbali sana, kwa maana nyuki wake hula maua ya zaatari, kichaka kifupi chenye harufu kinachoota kati ya mawe.

Kahawa huchemshwa pamoja na unga wake katika kisufuria chenye mpini mrefu, ikamiminwa katika kikombe kidogo, na mnywaji hungoja machicha yatulie. Ni lazima aseme mapema anavyoitaka, kwa sababu sukari hutiwa wakati wa kuchemsha: sketo ni chungu, metrio ni ya wastani, glyko ni tamu. Mtu atokaye nchi inayolima kahawa na asiyeinywa, ambao ni wengi, hapa atajifunza kuinywa au atalazimika kueleza sababu.

Jioni, kama hoteli ina jiko la wageni, hupikwa kile ambacho familia yenyewe itakula. Saladi ya kisiwa huitwa mermizeli: ni nyanya, vitunguu, matango na jibini juu ya ile mikate mikavu, ambayo sasa imelainika kwa maji ya nyanya na mafuta ya zeituni. Pweza huchomwa makaani au hukaangwa kama vipande vya kababu. Majani ya mzabibu hufungiwa mchele na nyama, kila moja dogo kama kidole. Na kwa kuwa kazi yake ni ya mikono mingi, humkuta bibi, mama na binti wamekaa pamoja jikoni adhuhuri, wakifunga na kuzungumza. Baba akipita hupewa la kufunga, akalifunga vibaya, likafunguliwa nyuma yake.

Pasaka ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote. Mwanakondoo hujazwa mchele na maini, akatiwa katika chungu cha udongo kinachoitwa mouri na kuokwa usiku kucha. Siku hiyo pia vijana wa Pothia hupanda vilima viwili vinavyoukabili mji na kutupa baruti, mlipuko juu ya mlipuko, mpaka madirisha yatetemeke. Desturi hii wenyeji huipenda sana na kuitetea kwa hoja za uhuru na ushujaa. Msomaji anayefanya kazi na vitu vinavyolipuka ataona upesi upande wake mwingine. Watu wamewahi kufa, na wengine kupoteza viungo.

Ibada yenyewe Mganda hawezi kuiita ngeni. Reuben Spartas Mukasa, aliyekuwa askari wa Keya na ambaye jina la Spartas alilichukua kutokana na mji wa mashujaa wa Ugiriki ya kale, ndiye aliyeianzisha Orthodoksi nchini Uganda mwaka 1929, na kanisa hilo likapokelewa na Patriaki wa Alexandria mwaka 1946. Kanisa kuu la Namungoona, Kampala, ni la Mtakatifu Nikolaso, ambaye kwa Wagiriki ni msimamizi wa mabaharia. Picha yake imo katika mashua za Kalymnos kama ilivyo taswira ya babu katika nyumba ya ukoo.

HESABU YA MIEZI

Hoteli ya namna hii haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Chukua mfano wa nyumba yenye vyumba 10. Lau kila chumba kingelipiwa euro 50 kwa usiku, na vyote vikajaa kwa siku 120 za kiangazi, zingepatikana euro 60,000. Lakini havijai vyote, wala siku zote. Vikijaa nusu zinabaki 30,000. Kampuni zinazouza vyumba kwa njia ya intaneti aghalabu hujikatia kiasi cha asilimia 15, na hizo ni 4,500. Toa umeme, maji, kodi, bima, rangi ya kila mwaka na godoro lililoharibika. Kilichobaki ndicho kitakachomlisha bibi, baba, mama na watoto kwa miezi 12, na kulipia chumba cha yule mtoto anayesoma chuo kikuu Athens. Ndiyo sababu mgeni aliyekaa mara moja na kupendezwa, akarudi mwaka unaofuata kwa kupiga simu moja kwa moja, hupewa roshani iliyo bora bila kuiomba. Ada ya serikali ambayo tangu mwaka 2024 hutozwa kwa kila usiku, kwa ajili ya kukabili maafa ya hali ya hewa, haimo katika hesabu hii. Mwenye nyumba huikusanya tu na kuipeleka.

Kwa miaka mingi tatizo kubwa lilikuwa ufupi wa majira. Watalii wa kuogelea huja Julai na Agosti, kisha hutoweka. Mwaka 1996 mpanda miamba Mwitaliano, Andrea Di Bari, alifika kwa mapumziko akaona kile ambacho wenyeji walikuwa wamekilaani tangu enzi za mababu, yaani magenge yale ya chokaa yaliyo juu ya Massouri. Yeye na wenzake wakaanza kuchonga njia za kupandia. Leo njia hizo ni maelfu, na wapandaji hutoka kila upande wa dunia. Hawaji wakati wa joto kali, kwa sababu mwamba huunguza mikono. Huja masika na vuli, mpaka Novemba. Kwa hiyo mawe yaliyokuwa hayaoti kitu yameongeza miezi kadhaa katika mwaka wa mwenye hoteli. Mabibi wa kijiji hapo kwanza waliwadhani wageni hao wana wazimu, kupanda ukuta ambao juu yake hakuna mbuzi aliyepotea. Sasa huwatayarishia chakula mapema na kuwaambia wafunge kamba vizuri.

Hata hivyo riziki hii ni nyepesi kama unyoya. Mwezi Januari 1996 Ugiriki na Uturuki zilikaribia kupigana kwa ajili ya majabali mawili yasiyo na watu, mashariki ya Kalymnos, ambayo Wagiriki huyaita Imia na Waturuki Kardak. Maofisa watatu wa jeshi la wanamaji la Ugiriki walikufa helikopta yao ilipoanguka baharini. Nchi zote mbili zingali zikiyadai. Habari ya namna hiyo, kwa mwenye hoteli, ni kama mvua ya mawe kwa mkulima. Mwaka 2010 nchi ilipozama katika madeni, vijana wengi wenye elimu walikwenda Ujerumani na kwingineko. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, vitanda vilikaa na shuka zake safi mpaka Julai.

Basi swali linaloulizwa katika jikoni hizo, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni kama binti ataupokea ufunguo. Bibi yake hakuulizwa; alipewa nyumba na jina, na mume akaja. Mama yake alichagua kidogo. Yeye amesoma, ana cheti, anajua lugha tatu, tena mbili kati ya hizo alijifunza akiwa mtoto kwa kuwapelekea wageni kahawa. Anaweza kupata kazi ofisini Athens ambayo itamlipa kila mwezi na kumwacha alale Jumapili. Lakini nyumba haiendi Athens. Ikifungwa, itauzwa kwa mtu wa mbali atakayeitumia wiki mbili kwa mwaka, na jina la bibi litabaki bila mlango. Wapo mabinti waliorudi. Wapo waliokataa, na kaka zao wakashika, jambo ambalo zamani lingezua maneno sokoni. Wapo wanaokuja Aprili na kuondoka Novemba, nusu huku na nusu kule.

Mwishoni mwa Novemba mpandaji wa mwisho hulipa na kuondoka. Magodoro husimamishwa ukutani yasishike unyevu, mbao za madirisha hufungwa, na mabomba ya ghorofa ya juu hukaushwa. Baba hushuka kwenye mizeituni yake michache, kwa kuwa ndiyo majira ya kuchuma. Juu ya dari, kando ya mapipa ya maji, nondo za nguzo zimeachwa zimesimama wazi, urefu wa mtu, zikingoja ghorofa nyingine. Kabla ya mvua kuanza mtu hupanda na chupa tupu za plastiki, akazivika nondo hizo moja moja, zisiingie kutu.